Rafu Tatu za Chini

Mkono haukugoma siku moja.
Ulianza kama mdeni muungwana:
leo haurudishi kikombe kabatini,
kesho haufiki mfuko wa nyuma,
mtondo Solange ananifunga vifungo vya shati
bila neno, macho yake dirishani,
kwenye theluji iliyolala juu ya zizi la akina Vuillet.

Miaka thelathini na moja nimegeuza jibini
katika pango la mawe nje ya Pontarlier.
Kila duara kilo arobaini.
Nalishusha, nalisugua kwa maji ya chumvi,
nalipindua, nalirudisha kwenye ubao wa msonobari.
Nilijaribu kuzijumlisha, usiku usingizi uliponikimbia;
nilipofika uzito wa treni, nikaacha.

Kijijini kila nyumba ina tiba yake:
mafuta ya marmota, ngozi ya paka kiunoni.
Mama mkwe alikuwa na neno moja: pumzika.
Nikapumzika miezi minne.
Bega likapumzika nami, likasahau kazi,
likawa mlango wa nyumba isiyokaliwa;
ukiusukuma, bawaba zinalia.

Daktari akainua picha kwenye mwanga.
“Kano hii imechakaa, nyuzi zimefumuka.
Na hapa gotini, gegedu limebaki ganda la yai.
Ni ugonjwa sugu.”
Sugu.
Nikatazama viganja vyangu.
Sugu nazijua. Ziliota hapa bila kuombwa,
zikanilinda.

Wengine wakasema ni baridi yabisi.
Yabisi ni kavu,
na baridi ya pango letu ni mbichi, inatiririka ukutani.

Kisha Perrine, mtaalamu wa viungo,
mwenye vidole baridi kuliko pango.
Hakunipa kitanda wala kisu.
Alinipa chupa ya maji, lita moja.
“Inua. Hesabu tano ukipanda, tano ukishuka.
Kano hailishwi usingizi, inalishwa mzigo,
ila kwa kijiko.
Maumivu yakiwa matatu kati ya kumi, endelea.
Yakifika matano, punguza, usikimbie.
Kisha iulize asubuhi ya pili. Asubuhi haidanganyi.”
“Mpaka lini?”
Akacheka. “Lile jibini lako la miezi ishirini na minne,
uliliuliza mpaka lini?”

Nilimchukia wiki sita.

Pangoni tuna nyundo ndogo.
Unagonga duara, unatega sikio.
Lililo zima hujibu kwa sauti ya shibe.
Lenye ufa hujibu kama mtu aliyekatizwa neno.
Siku hizi, kabla ya soksi,
nagonga hivyo hivyo ndani yangu.
Goti, upo? Nipo, ngoja kidogo.
Kidole gumba? Leo mvua.
Bega?
Bega si mwepesi wa kujibu. Nalipa dakika zake.

Ushirika umeleta mashine.
Inapita kwenye reli kati ya rafu,
inashusha, inasugua, inapindua,
haimsalimu mtu.
Mimi wameniachia rafu tatu za chini, na nyundo.
Mwanzoni niliona haya, kama askari aliyepewa ufagio.

Februari likawaka tena.
Sikuwa nimekosea kitu; nilitafuta kosa nikalikosa.
Nikarudi kwenye chupa, nusu yake,
tano juu, tano chini, mbele ya friji,
nikiwa na suruali ya kulalia.
Hili Perrine hakunifundisha, au alinifundisha sikusikia:
kurudi nyuma bila kujiita mshinde.

Jana kulikuwa na harusi ya binti wa Vuillet.
Nilifunga vifungo vitano mwenyewe,
vitano, nikihesabu kwa sauti.
Kile cha sita, cha kolani,
nikamwachia Solange.
Ningeweza, nadhani.
Akakifunga taratibu,
na safari hii hakutazama dirisha.